Mashine Kuu ya Hesabu: Jinsi Diski Yake Ilivyokufa na Jinsi Ilivyorudishwa Kazini

Maneno ya Katibu mbele ya Mkutano wa Wanachama wa kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu



Bodi imetutaka tueleze, kwa maneno ambayo kila mkulima ataweza kuyafuata, mambo yaliyoipata mashine kuu ya hesabu ya Chama chetu katika msimu wa kahawa wa mwaka 2023. Habari hizo zimesimuliwa sana vijijini, na masimulizi mengine yametiwa chumvi nyingi. Wapo waliosema kuwa mashine iliungua moto. Wapo waliosema kuwa fedha za malipo ya awali zilikuwa ndani ya diski na zikapotea pamoja nayo. Na wapo, nao hatuwalaumu, waliouliza kama maneno haya ya "mashine imekufa" si jina jipya la wizi wa zamani. Katika kitabu cha kumbukumbu kama hiki yafaa jambo hilo liandikwe kama lilivyokuwa.

Ushirika katika nchi yetu ulipata sheria yake ya kwanza mwaka 1932, na kwa miaka mingi baada ya hapo hesabu ya mkulima ilikaa katika leja. Leja ikilowa mvua au ikiliwa na mchwa, kila mtu aliweza kuiona na kusikitika. Mashine ya leo haina desturi hiyo. Ikifa, kwa nje hubaki vile vile, taa yake inawaka na feni yake inavuma, na mwanachama aliyesimama dirishani haoni sababu ya kuambiwa arudi kesho. Ndiyo maana twapenda kwanza kueleza mashine hiyo ina nini ndani.

Mashine yenyewe huitwa seva. Kazi yake ni kupokea uzito wa kahawa kutoka kwa makarani wa vyama vya msingi, kuuweka katika hesabu ya kila mwanachama, na kutoa stakabadhi. Ndani yake mlikuwa na diski 3. Mbili kati ya hizo zilikuwa pacha: kila kilichoandikwa katika moja kiliandikwa papo hapo katika ya pili, hata moja ikifa, nyingine ibaki na hesabu kamili. Mpango huo wa diski kufanya kazi pamoja na kulindana si uchawi wala si wa jana. Uliandikwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, mwaka 1988. Diski ya tatu ilikuwa peke yake, nayo ilibeba mfumo endeshi, yaani programu ile kubwa inayoziongoza programu nyingine zote.

Tuseme mfumo endeshi ni kama mtunza ghala. Kahawa si yake. Lakini yeye ndiye ajuaye funguo ziko wapi, gunia la nani liko safu gani, na nani aruhusiwe kuingia. Mtunza ghala akifariki usiku, kahawa haipungui hata punje moja, walakini asubuhi hapana atakayeweza kufungua mlango. Aliyeipanga mashine yetu ilipofika mwaka 2022 aliyalinda magunia kwa ulinzi maradufu, akamwacha mtunza ghala bila msaidizi. Mpango huo ni wa kawaida katika ofisi nyingi, kwa kuwa huokoa bei ya diski moja.

Diski ilianza kufa Jumanne moja ya mwezi wa Oktoba, siku ambayo mizigo ilikuwa mingi. Makarani waliona jambo la ajabu: uzito ulipokelewa vizuri, lakini stakabadhi hazikuchapwa. Sababu yake ilijulikana baadaye. Mfumo endeshi wa aina ya Linux, unapogundua kwamba diski yake haiandiki sawasawa, hujifunga usiandike tena, ukabaki unasoma tu, ili usizidishe uharibifu. Uzito wa kahawa ulikuwa unaandikwa katika zile diski pacha, ambazo zilikuwa nzima. Stakabadhi, kabla ya kwenda kwa mashine ya kuchapa, hupangwa foleni katika diski ya mfumo, na hiyo ndiyo iliyokuwa imefunga mlango. Basi makarani wakatoa vitabu vya stakabadhi vya mkono, kama kanuni yetu inavyosema, wakaendelea kupima.

Saa 9 alasiri umeme ukakatika. Betri ya akiba ilivumilia kitambo, kisha seva ikazimika. Umeme uliporudi, seva haikurudi. Kioo kilionyesha mstari mmoja tu wa kusema kwamba haioni diski ya kuanzia.

Hapa ndipo twataka Makatibu wa vyama vya msingi wasikilize zaidi, maana ninyi nanyi mna mashine zenu ndogo. Mtu akiambiwa "diski haionekani" huwa mwepesi wa kusema diski imekufa. Yawezekana kuwa waya umelegea. Yawezekana kuwa ni chombo kinachogawa umeme ndani ya sanduku. Fundi wetu hakuanza na diski mpya; alianza na mambo madogo. Aliuchomoa waya wa diski akatia mwingine, akaihamisha diski katika tundu jingine, kisha akaingia katika ukurasa wa mipangilio ambao mashine huutoa kabla ya mfumo endeshi kuamka, atazame kama jina la diski limo katika orodha. Mara ya kwanza halikuwamo. Mara ya pili lilikuwamo. Mara ya tatu lilichukua muda mrefu kutokea, na diski ikatoa mlio mdogo wa kugonga, tik, tik, kama saa ya ukutani.

Kisha akaiwasha seva kwa flashi iliyokuwa na mfumo endeshi kamili ndani yake. Jambo hili wengi hawalijui: mashine yaweza kuamshwa kwa flashi bila kugusa diski hata moja, na mtu akachungulia ndani kama mganga anayempima mgonjwa kabla ya kumpasua. Kila diski ya siku hizi hujiwekea daftari la afya yake. Daftari hilo huonyesha, pamoja na mambo mengine, ni vipande vingapi vilivyoharibika vikabadilishwa kwa vipande vya akiba, ni vipande vingapi vinavyongoja kupimwa tena, na ni mara ngapi maneno yalipotea njiani katika waya. Hesabu ya waya katika diski yetu ilikuwa sifuri. Hesabu za vipande vilivyoharibika na vinavyongoja zilikuwa kubwa, na zilipanda hata fundi alipokuwa akizitazama. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba mgonjwa ni diski yenyewe.

Mwanachama mmoja alituuliza katika mkutano wa chama chake: ikiwa diski hujiandikia afya yake, kwa nini hamkuonywa? Swali hilo ni la haki, na jibu lake si la kujitetea. Mwaka 2007 wataalamu wa kampuni ya Google walitoa matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza la usomaji ilikuwa na hatari mara 39 zaidi ya kufa katika siku 60 zinazofuata kuliko diski isiyo na kosa hilo. Lakini waliona pia kwamba, katika diski zilizokufa, zaidi ya nusu hazikuwa na alama yoyote katika zile hesabu 4 zilizotegemewa zaidi kutoa onyo. Basi daftari la afya lina faida kubwa, na kila asubuhi hatuna budi kulisoma; illa anayelitegemea peke yake amejenga nyumba kwa nguzo moja.

Jioni ile ile palikuwa na shauri juu ya lipi litangulie. Malipo ya awali yalikuwa yafanyike Ijumaa, na watu wengine walitaka diski mpya itiwe usiku huo huo na mfumo upandishwe upya mpaka asubuhi. Fundi alikataa, na Mwenyekiti akamuunga mkono. Alisema kwamba mashine yenye diski moja mbovu na mbili nzima ni mashine ya hatari kuliko ile iliyokufa kabisa, kwa kuwa mikono yenye haraka huweza kuua zile nzima. Kwa hiyo usiku huo haukupandishwa mfumo wowote. Ilinakiliwa diski moja ya pacha, yote, katika diski mpya iliyowekwa kando. Halafu, kwa programu iitwayo ddrescue, ikajaribiwa kuokolewa ile inayokufa. Programu hiyo ina busara ya mvunaji mzee: hupita kwanza shamba zima ikichukua kilicho rahisi, ikaandika mahali ilipokwama, kisha ndipo inarudi kwenye miiba kidogo kidogo. Kufikia Jumatano mchana sehemu kubwa ya mipangilio ilikuwa imepatikana. Baadhi haikusomeka kamwe.

Ndipo kazi ya kupandisha mfumo upya ilipoanza. Kabla ya kuanza, fundi alizichomoa diski zote mbili za hesabu akaziweka juu ya meza, zimefungwa karatasi na kuandikwa namba zake za kiwandani. Programu ya kupandisha mfumo huuliza: niuweke katika diski gani? Nayo huzitaja diski kwa majina mafupi, ambayo huweza kubadilishana diski moja inapotolewa au kuhamishwa tundu. Jina lililokuwa la diski ya mfumo jana laweza kuwa la diski ya hesabu leo. Diski iliyo juu ya meza haiwezi kufutwa na jibu la mtu aliyechoka.

Shauri la pili lilikuwa ni mfumo upi upandishwe. Seva yetu ilikuwa na Debian 11, uliotolewa mwaka 2021, na tayari Debian 12 ulikuwa umetoka mwezi wa Juni 2023. Mtu yeyote angesema, maadam twaanza upya, tuchukue ulio mpya. Walakini hesabu zetu hutunzwa na programu ya PostgreSQL, ambayo katika Debian 11 ni toleo la 13, na katika Debian 12 ni toleo la 15. Toleo la 15 halikubali kufungua kabati lililopangwa na toleo la 13. Nakala ya usiku wa Jumatatu tulikuwa nayo, na hiyo ingeweza kuingizwa katika toleo lolote, lakini haikuwa na mizigo ya Jumanne. Mizigo hiyo ilikuwa katika diski pacha tu. Basi ukapandishwa tena Debian 11 ule ule, na programu ya hesabu ya toleo lile lile. Wakati wa maradhi si wakati wa kuhamia nyumba mpya. Tulihamia Debian 12 mwezi wa Machi 2024, msimu ulipokwisha, kwa utulivu.

Diski pacha zilirudishwa mahali pake, na mfumo mpya ukazitambua mara moja, kwa kuwa habari za upacha wao huandikwa ndani yao wenyewe, si kwa mtunza ghala. Watu walikwisha kupiga makofi. Lakini programu ya hesabu ilikataa kuamka. Mfumo endeshi haumjui mwenye faili kwa jina, humjua kwa namba. Programu za safari hii zilipandishwa kwa mpango mwingine, na namba iliyokuwa ya PostgreSQL katika mfumo wa zamani ikapewa mtumishi mwingine. Faili zote zikaonekana kuwa mali ya mgeni. Ilipotolewa amri ya kurudisha umiliki, programu iliamka, ikasoma kwanza daftari lake la siku, ikamalizia katika leja yale yaliyokatizwa na umeme, na hesabu ya Jumanne ikatokea mpaka gunia la mwisho. Wahasibu watauelewa mpango huo upesi: kila jambo huandikwa kwanza katika daftari la siku, ndipo lihamishiwe katika leja. Nasi ndivyo tulivyofundishwa zamani kwa kalamu.

Madogo yaliyofuata ndiyo yaliyochosha zaidi. Saa ya mashine ilikuwa imewekwa kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa 3, na katika stakabadhi ya majaribio mzigo uliopimwa saa 1 asubuhi ulitokea umepimwa saa 10 alfajiri. Laiti stakabadhi hizo zingetoka, nani angetuamini kwamba kahawa haikupimwa gizani? Tena kompyuta za vyama vya msingi zilikataa kuungana na seva, zikatoa onyo kwa herufi kubwa kwamba huenda huyu ni mdanganyifu. Onyo hilo lilikuwa sawa kabisa. Alama ya utambulisho ya seva ilikuwa katika sehemu isiyosomeka ya diski mbovu, na mfumo mpya ulijifanyia alama nyingine. Tulimpigia simu kila Katibu wa chama, tukamsomea alama mpya herufi kwa herufi, naye akailinganisha na ile aliyoiona katika kioo chake kabla ya kukubali. Baadhi yenu mlinung'unika siku hiyo. Twawaomba mnung'unike hivyo hivyo siku nyingine, wala msikubali alama ngeni bila kusomewa.

Fundi alikuwa anafunga sanduku lake la vyombo, Mhasibu wetu akauliza swali moja: nakala ya usiku huu itafanywa na nani? Ratiba ya nakala nayo ilikuwa katika diski iliyokufa. Seva ilikuwa inafanya kazi zote za mchana vizuri, wala isingemwambia mtu kwamba usiku haina tena kazi. Sanduku likafunguliwa tena.

Sasa twaja kwenye fedha, maana ndiko mioyo ya wanachama iliko. Alhamisi mashine ilikuwa nzima. Bodi hata hivyo iliamua malipo yasifanyike Ijumaa, bali yangoje mpaka hesabu ya mashine ilinganishwe na karatasi mikononi mwa wakulima. Uamuzi huo haukupendwa. Wapo waliokuja ofisini na barua za hospitali, na hao walilipwa kwa stakabadhi zao, Katibu na Mwenyekiti wa chama chao wakiweka sahihi pamoja. Wengine waliambiwa wangoje hadi Jumatatu, na tulisikia yaliyosemwa barazani.

Lakini ulinganisho huo ulifichua jambo ambalo mashine peke yake isingelifichua. Ile Jumanne, stakabadhi zilipokuwa hazichapwi, makarani waliandika kwa mkono, kama tulivyosema. Jumatano na Alhamisi stakabadhi hizo za mkono ziliingizwa katika mashine ili zisipotee. Kumbe mizigo mingine tayari ilikuwamo, kwa kuwa uzito ulikubaliwa hata pale karatasi ilipokataa. Mizigo hiyo ikawa imeandikwa mara mbili. Waliotangulia kuliona hilo ni makarani wa vyama viwili, walioona jumla ya mashine inazidi jumla ya mizani na jumla ya magunia ghalani. Kama tungelipa Ijumaa, wengine wangelipwa mara mbili, na siku ya kurudisha ingekuwa mbaya kuliko siku ya kungoja. Kila mzigo uliorudiwa ulifutwa mbele ya mwenyewe, naye akiwa na stakabadhi yake mkononi. Hapakupatikana mwanachama aliyepungukiwa.

Mwajua kwamba katika nchi hii vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wazee waliokuwa wanachama katika miaka hiyo ndio waliokuja na stakabadhi zilizotunzwa vizuri kuliko zote, zimekunjwa ndani ya mifuko ya nailoni. Hawakuhitaji kufundishwa.

Tangu hapo mtunza ghala amepewa msaidizi: diski za mfumo sasa nazo ni mbili, pacha. Msiudhanie upacha kuwa ni nakala, lakini. Karani akifuta jambo kwa makosa, pacha zote mbili hulifuta kwa utii ule ule. Kwa hiyo nakala ya usiku huandikwa katika diski nyingine, na kila wiki nakala moja hutoka nje ya jengo hili. Pia limeandikwa daftari la karatasi, ambamo mna matoleo ya programu, namba za diski, mpango wa upacha, ratiba ya kazi za usiku, na saa itakayowekwa. Daftari hilo limo ndani ya sefu pamoja na vitabu vya stakabadhi, kwa sababu maelezo ya kuifufua mashine hayawezi kukaa ndani ya mashine.

Bwana Mwenyekiti, lipo jambo moja la kuamuliwa leo. Katika makisio tumeomba fedha za seva ya pili, ya bei nafuu, isiyotumika kwa kazi za kila siku, ili kila mwaka baada ya msimu fundi aipandishe mfumo upya kwa kufuata daftari lile peke yake, airudishie hesabu kutoka katika nakala, nasi tupime itachukua saa ngapi. Wajumbe wengine wamesema kwamba ni anasa kununua mashine ya mazoezi wakati mizani za vyama vitatu zinangoja matengenezo. Hoja hiyo ina uzito, na mizani hizo zimetangulia katika orodha. Makisio yako ukurasa wa mwisho wa taarifa ya Mhasibu mliyogawiwa mlangoni. Kama mkutano utakubali, zoezi la kwanza litafanywa mwezi wa Machi, na kila chama cha msingi kitaombwa kumleta karani mmoja, pamoja na kitabu chake cha stakabadhi.